Mkono wa Mhariri

Hapa Isiolo, kumsifu Jomo Kenyatta mbele ya wazee kunataka moyo. Waborana wa Waso bado wanasimulia Gaafa Daba, siku za vita vya serikali ya Kenyatta na waasi walioitwa shifta, kati ya 1963 na 1967, watu walipofungiwa katika vijiji vya kulazimishwa kama Garba Tulla na Merti, mifugo ikauawa au ikafa njaa. Hayo siyafichi. Lakini ninayemzungumzia leo si rais, ni mhariri.

Mwaka wa 1928 aliacha kazi ya kusoma mita za maji katika Manispaa ya Nairobi, akawa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association. Mwezi Mei akatoa Muigwithania, gazeti la kila mwezi kwa Kigikuyu. Serikali ya kikoloni ingeweza kulifunga ikitaka, na hapo ndipo ufundi wake unapoonekana. Hakupiga kelele. Alijaza kurasa methali, vitendawili, mawaidha ya kilimo na barua za wasomaji. Serikali aliishukuru ilipostahili, na nadhani hata pale isipostahili sana. Msomaji aliyelelewa kwenye mabaraza ya wazee hakuhitaji kuambiwa methali inamlenga nani.

Serikali nayo ilisoma. Mmisionari wa Kanisa la Scotland, A. R. Barlow, alilitafsiri gazeti hilo kwa Kiingereza ili maafisa wajue kinachosemwa. Hebu mfikirie afisa anayetafuta uchochezi, mezani kaletewa kitendawili. Atakishtaki kwa lipi?

Mimi hunishika zaidi zile barua. Yeyote aliyewahi kuhariri, hata jarida la shule, anajua kwamba barua ya msomaji ndiyo kazi ngumu kuliko zote: ukiikata sana imekuwa yako, ukiiacha yote hakuna atakayeimaliza. Kenyatta aliwaachia watu sauti zao. Mmoja analalamika, mwingine anaonya, wa tatu anahimiza watoto wapelekwe shule, na watu wasiowahi kuonana wanajikuta wanabishana mahali pamoja kama wana wa nyumba moja. Kuwakutanisha hivyo, kwa karatasi chache tu, si jambo dogo.

Alilihariri muda mfupi. Mapema 1929 alipanda meli kwenda London kupeleka malalamiko ya ardhi, na huko baadaye akasoma anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski. Kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilitoka 1938. Ni kitabu cha msomi, lakini katikati ya maelezo ya ardhi anachomeka hadithi ya tembo aliyeomba kuingiza mkonga tu kibandani mvua inaponyesha, akaishia kumtoa mwenye nyumba nje. Mkono ni uleule wa Muigwithania.

Gazeti lilipigwa marufuku 1940. Miaka 30 baadaye, yeye akiwa rais, ikapitishwa sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kaskazini wakati wa vita vya shifta, na Isiolo imetajwa humo kwa jina. Barua zetu hazikuwa na mhariri wa kuzipokea.

Basi kijana wa Isiolo anayetaka kuanzisha gazeti aziache hotuba za ikulu. Aende Nairobi, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, aombe tafsiri za Barlow, asome kwanza barua.