Nani Ashikaye Mizani ya Ardhi?

Wataalamu wetu wa mipango miji wana njia waipendayo ya kuchagua ardhi ya kupanulia mji. Hulaza ramani ya mteremko juu ya ile ya udongo, ya maji na ya barabara, kisha kila jambo likapewa uzito wake. Ian McHarg aliieneza njia hiyo huko Marekani mwaka 1969. Ndugu msomaji, kosa haliko katika ramani, liko katika uzito. Nani aliyeamua kwamba ukaribu wa barabara wapita shamba la mihogo? Siasa imejificha ndani ya tarakimu, nasi twaambiwa ni sayansi tupu.

Tazama bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Mpango wa mji wa 1979 ulilihesabu kuwa ardhi ya hatari. Wanyonge wakajenga humo, maana ardhi salama ilikuwa na bei wasiyoiweza. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao. Hata hivyo kituo cha mabasi yaendayo haraka nacho kilijengwa Jangwani (na hao wajenzi hawakukosa ramani!), maji yakakifuata mara kwa mara.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 huupa mkutano mkuu wa kijiji kauli juu ya ardhi isiyozidi hekta 250 inayotakiwa kuhaulishwa. Ikizidi hapo, mwamuzi ni Waziri. Basi mkulima wa pembezoni aitwe kabla uzito haujapangwa, si siku ya kuhesabiwa minazi yake.