Picha za Roma Mikononi mwa Wahabeshi

Mara nyingi walimu wenzangu wa dini hubishana juu ya picha zilizobandikwa katika makanisa yetu ya vijijini, huku Kasongo na Kabambare. Mmoja husema: hizi ni za Ulaya, zitolewe. Mwingine hujibu: zimebarikiwa, zisiguswe. Naona wote wawili hawajauliza neno lililo kubwa zaidi: fundi aigapo picha, anaiga nini hasa? Kwa swali hilo, wasomaji wapenzi, natutazame Uhabeshi.

Mwaka 1591 kiwanda cha chapa cha ukoo wa Medici, mjini Roma, kilitoa Injili Nne kwa Kiarabu. Ndani yake mna picha 149, nyingine zimerudiwa, zilizochorwa na Antonio Tempesta na kuchongwa ubaoni na Leonardo Parasole, katika mwanzo wa zama ziitwazo Baroko. Mzee wa hapa Nyangwe ajuaye herufi za Kiarabu, zilizotufikia pamoja na wafanya biashara wa pwani katika karne ya 19, angeweza kuzitamka herufi za kitabu hicho, ingawa picha pengine zingemkwaza.

Kazi ya ubao si ya mchezo. Fundi hukata kila mahali patakapokuwa peupe, akaacha mistari tu imesimama, myembamba kama makali ya kisu. Wino hupakwa juu ya mistari hiyo, kisha karatasi hugandamizwa. Tena picha hutoka imegeuka: wa kuume huwa wa kushoto. Fundi akisahau hilo, Kristo atabariki watu kwa mkono wa kushoto, nawe utamwelezaje mkatekumeni?

Kitabu kilifika Uhabeshi katika karne ya 17. Mfalme Susenyos, aliyejiunga na Roma, aliacha kiti mwaka 1632, na mwanawe Fasilides akawafukuza Wajesuiti. Mapadre walikwenda, picha zikabaki. Katika siku za Gondar waandishi wa Injili za Kigeezi waliziiga. Lakini tazama walivyoiga! Tempesta hupenda umati, majengo ya mbali, na vivuli vya mistari mingi; kwangu mimi, mara nyingine watu wake hujaa hata Bwana mwenyewe hutafutwa kwa kidole. Mhabeshi aliuondoa umbali, akavipunguza vivuli, akatia rangi nzito na macho makubwa. Alichoshika ni hiki: nani amesimama wapi, na mkono wake unafanya nini. Yaliyobaki aliwaachia Waroma.

Mfano unaonipendeza kupita yote ni Bikira Maria wa kanisa la Santa Maria Maggiore. Mwaka 1569 Papa Pio wa 5 alimruhusu Fransisko Borgia, mkuu wa Wajesuiti, kutoa nakala ya picha hiyo ya kale. Baadaye Hieronymus Wierix wa Antwerpen akaichora katika bamba la shaba, na nakala zake za karatasi zikasafiri mbali kuliko mapadre wengi. Mama amepishanisha mikono mbele ya Mtoto. Wa kuume umenyosha vidole viwili, wa kushoto umeshika kitambaa kidogo, ambacho Warumi wa zamani walikifahamu kuwa alama ya ukuu. Katika picha za Wahabeshi vidole vile viwili vipo, na kitambaa kipo. Hao walijua ishara si pambo. Kisha wakaongeza la kwao: Malaika Mikaeli na Gabrieli, panga mkononi, wakimlinda Mama kulia na kushoto. Wala haikuwa ajabu, kwa maana mfalme Zara Yakobo (1434–1468) alikuwa amekwisha kuieneza sana heshima ya Maria katika nchi ile. Karatasi ya Roma ilikuta nyumba imefagiliwa.

Kwetu nimeona kazi ya mchongaji mmoja, hodari kabisa wa shoka na kisu, aliyepewa kadi ndogo ya Mama Maria na kuambiwa tu: fanya kama hii. Hakuna aliyemweleza neno. Kivuli cha ushungi kilichoanguka shavuni amekichonga kwa uaminifu, kama kovu. Na mkono wa Mama, wenye maana yote, ameuzamisha ndani ya mti, kwa sababu katika kadi haukuonekana vizuri.