Cairns: Kituo Kwanza, Mtalii Baadaye

Mji wa Cairns, kaskazini mwa jimbo la Queensland nchini Australia, haukuwa na shida ya watalii. Wanakuja kwa wingi kuogelea kwenye matumbawe ya Great Barrier Reef. Shida ilikuwa kwamba fedha zao hazikuwafikia wasanii. Maduka ya zawadi yaliuza bumerangi zilizotengenezwa ng'ambo, huku wasanii wenyewe, Waaborijini wa rasi ya Cape York na wenyeji wa visiwa vya Mlangobahari wa Torres, wakiishi mamia ya kilomita kutoka mjini. Huko barabara hukatika msimu wa mvua, na visiwani hufikiwa kwa ndege ndogo au boti. Mnunuzi alikuwa upande mmoja, bidhaa upande mwingine.

Mwaka 2007 serikali ya jimbo ilianzisha mpango uitwao Backing Indigenous Arts. Nguzo yake ilikuwa vituo vya sanaa vya vijijini, vinavyoendeshwa kwa manufaa ya jamii yenyewe. Baadhi vilikuwa na historia tayari. Kijiji cha Lockhart River, kwa mfano, kilikuwa na kikundi cha vijana kilichomtoa mchoraji Rosella Namok tangu miaka ya 1990.

Kituo ndicho kiungo cha mfumo mzima. Hununua rangi na turubai, huandika kumbukumbu ya kila kazi, hutoa hati ya uhalisi, hupanga bei na husimamia usafirishaji. Kazi ikiuzwa, msanii hulipwa fungu lake, na linalobaki huendesha kituo. Hivyo msanii halazimiki kumuuzia mchuuzi apitaye kwa bei ya njaa.

Hatua iliyofuata ilikuwa soko. Maonyesho ya Cairns Indigenous Art Fair yalifanyika kwa mara ya kwanza Agosti 2009, katikati ya kiangazi, wakati watalii ni wengi na barabara zinapitika. Yalitengwa kwa wasanii wa asili wa Queensland, na hapo mji ukapata kitu kisichopatikana Sydney wala Melbourne. Ngoma na mavazi viliwekwa kando ya picha, kwa hiyo hata asiyenunua mchoro alikuwa na sababu ya kuja.

Lakini mtalii hakuwa mteja pekee. Waandaaji waliwaalika pia wasimamizi wa makumbusho na wenye majumba ya sanaa. Mtalii hununua chapa ndogo inayoingia kwenye begi. Makumbusho hununua kazi kubwa, na ununuzi huo hupandisha jina la msanii na bei zake. Mfano ni sanamu za nyavu zilizotelekezwa baharini. Wasanii wa kijiji cha Pormpuraaw na kisiwa cha Erub walizigeuza nyavu hizo zinazoua kasa kuwa sanamu za kasa, papa na samaki. Mwaka 2016 kazi za namna hiyo zilionyeshwa kwenye Makumbusho ya Bahari ya Monaco.

Sheria nayo ilisaidia, ingawa kwa kuchelewa. Tangu Juni 2010, kazi inayouzwa tena kwa dola 1,000 za Australia au zaidi inaweza kumpatia msanii asilimia 5 ya bei hiyo. Mwaka 2019 mahakama iliitoza kampuni ya Birubi Art faini ya dola milioni 2.3 kwa kuwaaminisha wateja kwamba bidhaa zilizotengenezwa Indonesia zilikuwa kazi za mikono ya Waaborijini. Kesi hiyo ilisimama juu ya sheria ya kumlinda mlaji. Penye pengo ni hapa: anayeiga mtindo wa Kiaborijini bila kudanganya kuhusu asili ya bidhaa bado si rahisi kumbana.

Mfumo huu una udhaifu mwingine. Vituo vingi bado hutegemea ruzuku, na mauzo yakiegemea siku chache za mwaka, pigo moja huumiza wote. Janga la korona lilipozuia mkusanyiko mwaka 2020, maonyesho yalihamia mtandaoni.

Hata hivyo, hukumu yangu ni kwamba Cairns ilipatia mpangilio. Wanaopanga tamasha la utamaduni popote, kabla ya kukodi jukwaa na kuchapa mabango, wajibu maswali matatu: nani anamiliki mahali kazi zinapotengenezwa, nani anapanga bei, na fedha zinapita mikono mingapi kabla ya kumfikia msanii? Wakikosa majibu, wasiuze tiketi kwanza.