Gesi Iliyowangoja Zimamoto wa Arizona

Tarehe 19 Aprili 2019, yapata saa mbili usiku, askari wa zimamoto walifungua mlango wa kontena la betri mjini Surprise, jimbo la Arizona, Marekani. Muda mfupi baadaye kontena lililipuka. Kapteni wao alirushwa zaidi ya mita 20. Wanne waliumia vibaya, hakuna aliyekufa.

Kontena hilo, lililoitwa McMicken, lilikuwa la kampuni ya umeme ya Arizona Public Service. Lilikuwa na uwezo wa megawati 2, na seli za lithiamu zaidi ya 10,000 zilizopangwa katika rafu 27. Mfumo wa kuzima moto ulikuwemo, tena ulifyatuka mapema kama ulivyotakiwa. Tatizo ni kwamba ulibuniwa kwa moto wa aina nyingine.

Mfumo huo hujaza chumba gesi ya kuua miali. Seli ya lithiamu ikishaharibika haihitaji miali: kemikali zake hujizalishia joto, joto likaipasua seli jirani, na jirani ya jirani, mpaka rafu imalizike. McMicken haikuwa na kizuizi cha joto kati ya seli na seli. Kila iliyopasuka ilitema haidrojeni, kaboni monoksaidi na gesi nyingine zinazowaka. Moto wa wazi ungeziteketeza kadiri zinavyotoka. Lakini hapakuwa na moto wa wazi, wala njia ya kutolea hewa, basi zikajazana humo kwa takriban saa tatu.

Kuhusu chanzo, wachunguzi walioajiriwa na kampuni ya umeme walisema hitilafu ilianzia ndani ya seli. LG Chem, watengenezaji, wakapinga, wakisema joto lilitoka nje. Ubishi huo ni wa mawakili zaidi kuliko wahandisi. Katika maelfu ya seli, moja itaharibika siku moja. La kuuliza ni kontena litafanya nini baada ya hapo.

Wala wazimamoto hawakukurupuka. Walipima gesi nje, wakasubiri vipimo vishuke, ndipo wakafungua. Hawakuwa na namna ya kujua hali ya ndani, na mpango wa dharura haukueleza jinsi ya kuingia wala kutoa gesi. Kwangu, kosa kubwa ni hilo.

Mwaka huohuo wa 2019 lilitoka toleo la kwanza la NFPA 855, kanuni za Marekani za usalama wa mitambo ya betri. Kipimo cha UL 9540A nacho huharibu seli kwa makusudi, kuona joto linafika wapi na gesi inatoka kiasi gani. Siku hizi wengi husimika makabati madogo uwanjani, yaliyoachiana nafasi. Moja likiwaka, zimamoto hukaa mbali, huangalia lisiambukize mengine, na kuliacha liishe.

Lakini mitambo ya mtindo wa zamani bado ipo. Mtambo wa betri wa Moss Landing, California, ulipoungua tarehe 16 Januari 2025, zaidi ya watu 1,000 waliamriwa kuhama. Betri zake zilikuwa zimesongamana chini ya paa moja, katika jengo la zamani la mitambo ya umeme, na zilianza kazi mwishoni mwa 2020, McMicken ikiwa imekwisha kuchunguzwa. Mwenye mamlaka ya kutoa vibali asiishie kwenye maombi mapya. Aikague upya na mitambo ambayo tayari imewashwa.