Joshini na Demani: Uhakiki wa Istilahi za Mvua za Milimani

Katika masomo ya jiografia, upande wa mlima usiopata mvua ya kutosha huitwa "kivuli cha mvua". Istilahi hii imekwisha kuzoeleka, na huenda wengine wakaona kwamba hapana haja ya kuihoji. Sisi tunaona haja hiyo ipo, kwa kuwa jambo linalotajwa linagusa maisha ya kila siku ya wakazi wa Usambara, Upare na Kilimanjaro, na istilahi yenyewe hailielezi.

Kwanza tuitazame dhana. Pepo za msimu, yaani kusi na kaskazi, huja na unyevu wa Bahari ya Hindi. Zikikutana na mlima hulazimika kupanda. Zikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Zikishukia upande wa pili huwa zimepungukiwa na unyevu, tena hupata joto, na nchi ya huko hubaki kavu. Ndiyo sababu huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ilhali Mombo, chini ya Usambara ya Magharibi, ni nchi kavu ya mkonge.

Sasa tulitazame neno. Kwetu sisi kivuli ni kinga ya jua. Hutafutwa chini ya mwembe, na aliyekipata hupumzika. Mkulima akiambiwa kwamba kijiji chake kimo katika kivuli cha mvua, ana haki ya kudhani kwamba mvua imekitandia kijiji hicho, wala hatafikiria ukame. Picha hii haikuzaliwa katika Kiswahili. Imetafsiriwa neno kwa neno. Tena ina upungufu wa pili ulio mkubwa zaidi: imetaja upande mmoja tu wa mlima. Upande wa pili, unaopata mvua, hauna jina, na hauna budi kuelezwa kwa maneno mengi kila unapotajwa.

Hali majina yote mawili tunayo. Mabaharia wa pwani huuita upande wa chombo unaopigwa na upepo joshini, au goshini, na upande uliokingwa huuita demani. Ubora wa maneno haya ni kwamba hayataji mahali, bali uhusiano wa mahali na upepo. Chombo kikigeuka, joshini nayo hugeuka. Mlima haugeuki, lakini upepo hugeuka: kusi huvuma tangu Aprili au Mei hadi Septemba, na kaskazi tangu Novemba au Desemba hadi Machi. Kwa hiyo upande ulio joshini wakati wa kusi waweza kuwa demani wakati wa kaskazi. "Kivuli cha mvua" hakiwezi kueleza mageuzi hayo. Hukaa palepale mwaka mzima.

Kasoro ya namna hiyo twaiona pia katika taarifa za utabiri. Mara kwa mara twasikia kwamba mkoa fulani utakuwa na "hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua". Mkoa wa Tanga una Pangani iliyo ufukoni, na una Lushoto iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Maneno hayo huwa kweli kwa kote kuwili, na kwa sababu hiyohiyo hayamsaidii mtu wa popote. Siku ya milimani katika majira ya mvua mara nyingi ina utaratibu wake. Alfajiri kungugu hulala mabondeni. Jua likipanda, upepo hupanda kutoka bondeni. Adhuhuri mawingu hufunika vilele, na alasiri mvua hunyesha. Usiku hewa baridi huteremka tena. Mwenye kuanika kahawa hahitaji kuambiwa "vipindi vya jua". Ahitaji kujua kama kutakuwa na kianga, na kwa saa ngapi. Manyunyu, rasharasha na kianga ni maneno yenye mipaka yake, nayo yamekaa bila kazi.

Wako watakaosema kwamba tunabishania maneno tu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walikufa. Wengi waliliita tukio hilo "mafuriko". Lakini aonywaye juu ya mafuriko hukimbilia mwinuko. Aonywaye juu ya maporomoko ya tope hana budi kuondoka katika njia ya mteremko. Maonyo hayo mawili yanamtaka mtu atende mambo mawili tofauti.

Upo ubishi mmoja wa haki: mtu wa mlimani hakuzoea lugha ya jahazi, na demani ni jina la majira vilevile. Kwa hiyo twapendekeza isemwe kwa ukamilifu "upande wa joshini" na "upande wa demani". Na kuhusu ugeni, kusi na kaskazi nazo zilitoka baharini, na leo zinatajwa hata bara. Neno "msimu" latoa funzo lake pia: Kiarabu kilitupa sisi neno hilo, kikawapa na Wareno, likafika kwa Waingereza, nasi leo twalipokea tena kwa sura ya "monsuni", kana kwamba hatukuwa nalo.

Pendekezo letu, basi, ni kwamba kabla ya kutafsiri tutafute. Na wasomaji wetu wa milimani, ambao lugha zao za nyumbani bila shaka zina majina ya pande hizi mbili, twawaomba watuletee majina hayo yapimwe pamoja na haya ya mabaharia.