Inakula ngapi?

Mzee mmoja mnunuzi wa ng'ombe, anayezunguka minada ya Babati na Hanang' mwaka mzima, aliniita mezani kwake kwenye banda la chai jirani na stendi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea sahani ya chapati, kisha akainama kama mtu anayetaka kukopa.

"Kijana wangu, nimeanza kufuatilia kibali cha bastola. Wewe unayeandika haya mambo, hebu niambie: ipi inakula nyingi?"

Swali hilo huulizwa kama vile watu wanavyouliza tenki la lori linameza lita ngapi. Na jibu la haraka lipo. Glock 17 inakula 17, Glock 19 inakula 15, Glock 26 inakula 10, na ile nyembamba, Glock 43, inakula 6. Zote nne zinatumia risasi ileile ya milimita 9. Ukimpa mzee orodha hiyo atachagua ya kwanza, atalipa, na baada ya miezi mitatu bastola itakuwa inalala kabatini chini ya mashuka huku yeye akienda mnadani mikono mitupu.

Mimi nililichukua swali lake kwa upande mwingine. Nafasi kwenye magazini ni akiba ya kukosa. Mwenye kulenga akapata mara ya kwanza hana kazi na risasi ya kumi na saba. Kwa hiyo mtu akiuliza inakula ngapi, ujue anauliza ataruhusiwa kukosa mara ngapi. Linalofuata, ambalo mzee hakuliuliza, ni hizo zilizokosa zitaishia kwa nani.

Tuanze na chuma chenyewe, maana hapo ndipo mambo yote yalipobadilika. Rivolva ya Webley, waliyoning'iniza kiunoni maofisa wa Kiingereza zama za Tanganyika, ilikuwa na matundu sita kwenye pipa linalozunguka. Ukitaka tundu la saba, pipa lazima linenepe, na bastola inenepe nalo. Bastola nyingi za magazini za wakati huo ziliondoa pipa, lakini risasi zilikaa mstari mmoja ndani ya mpini, saba au nane, basi. Aliyevunja mpaka huo ni Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN, Ubelgiji, aliyeimalizia kazi iliyoanzwa na Mmarekani John Browning. Browning alifariki mwaka 1926. Bastola ikaingia sokoni mwaka 1935 ikiwa na risasi 13.

Siri ilikuwa kwenye kopo la magazini. Saive alizipanga risasi mistari miwili iliyopishana, halafu akaubana mdomo wa kopo ili zitoke moja moja. Ni kama wanafunzi wa paredi ya asubuhi: uwanjani wamesimama mistari miwili, wakifika mlango wa darasa wanaingia mmoja mmoja. Mpini ukanenepa kidogo tu, lakini mzigo ukakaribia mara mbili. Karibu kila bastola ya zamu unayoiona leo kiunoni mwa ofisa ni mjukuu wa kopo lile.

Ukilishika mkononi utaelewa gharama yake. Risasi tano za kwanza zinaingia kwa kidole gumba bila shida. Ya kumi inakataa kidogo. Ya kumi na tano springi imeshabanwa hadi inakusukuma nawe, na kidole kinauma. Ndiyo maana bastola nyingi huuzwa pamoja na kijiplastiki cha kusukumia. Mgongoni mwa kopo kuna matundu madogo yenye namba, unachungulia shaba ya risasi na kujua zimebaki ngapi. Wapo wazoefu wanaoacha nafasi moja tupu, wajaze 16 badala ya 17, ili magazini ipande kwa urahisi bastola ikiwa imefungwa. Mimi ni mmoja wa wanaofanya hivyo. Bora 16 zinazotoka zote kuliko 17 ambazo ya kwanza imekwama.

Mjadala wa idadi ulipata moto Miami, Marekani, tarehe 11 Aprili 1986. Makachero wanane wa FBI walilizuia gari la majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Kwa chini ya dakika tano zilifyatuliwa risasi kama 145. Makachero wawili wakafa, watano wakajeruhiwa, na majambazi wote wawili wakauawa. Wengi wa makachero walikuwa na rivolva. Mmoja wao, Gordon McNeill, alipigwa mkononi, na alipotaka kuijaza tena rivolva yake mkono ule haukuweza kazi hiyo. Kutokana na mkasa ule FBI ikaanza safari ya kuachana na rivolva, na idara nyingi za polisi za Marekani zikafuata. Polisi wa New York waliruhusiwa bastola za milimita 9 mwaka 1993.

Wauzaji wa bastola kubwa huishia hapo wanaposimulia. Hawasemi kwamba makachero wawili waliokufa, Ben Grogan na Jerry Dove, hawakuwa na rivolva. Walikuwa na bastola za Smith & Wesson zenye magazini ya mistari miwili, yaani zile zile zilizosemekana baadaye kuwa ndizo dawa. Grogan alipoteza miwani yake magari yalipogongana. Bastola ya Dove ilipigwa risasi ikaacha kufanya kazi ikiwa mkononi mwake. Na Platt alikuwa na bunduki, si bastola. Ukiuliza ni nini kiliwaponza, idadi ya risasi itakuja mbali sana kwenye orodha, baada ya macho, baada ya mahali pa kujikinga, baada ya silaha ya adui.

Sasa hesabu. Mwaka 2008 taasisi ya RAND ilitoa ripoti kuhusu mafunzo ya silaha ya polisi wa New York. Katika mapambano ambayo mtuhumiwa alirudisha risasi, askari walipata shabaha kwa wastani wa asilimia 18. Pale ambapo hakurudisha, asilimia 30. Hawa ni watu wanaolipwa mshahara na kupelekwa kwenye shabaha kwa ratiba. Chukua bastola ya 17 kwa wastani huo wa 18: tatu zinapata, kumi na nne zinakwenda zake. Chukua ya 6: moja inapata, tano zinakwenda zake.

Sasa simama nami pale stendi ya Babati saa mbili asubuhi. Mabasi ya Arusha, Singida na Dodoma yanapakia, makonda wanavutana na abiria, mama ntilie ana sufuria la supu, bodaboda wamejipanga, na nyuma yao vibanda vya mabati na mabanzi. Risasi ya milimita 9 haiulizi bati. Inapita bati, inapita ubao, inaingia chumba cha pili ambako mtoto anafunga kamba za viatu aende shule. Kumi na nne zilizokosa zote zitafika mahali.

Hapo ndipo kazi ya askari na ya raia zinapoachana. Askari amefungwa na zamu. Jambo likianza yeye anatakiwa kulisogelea na kubaki hadi liishe, hata kama mahasimu ni watatu na wenzake wako mbali upande wa Bonga. Anahitaji akiba ndefu, na ana namna ya kuibeba: silaha inakaa nje ya nguo, mkanda ni mgumu, na uzito haumwaibishi mtu. Moja chemba, 17 mpinini, na magazini mbili pembeni, jumla 52. Kwetu lakini askari wa doria mara nyingi hubeba SMG yenye magazini ya 30. Bastola ni ya maofisa na wapelelezi. Kwa hiyo hata kwa Jeshi la Polisi hapa nchini mjadala huu unawahusu wachache.

Na silaha inayoonekana ina balaa lake. Tarehe 25 Agosti 2021 jijini Dar es Salaam, karibu na Ubalozi wa Ufaransa, Hamza Mohamed aliwashambulia askari kwa bastola, akachukua bunduki zao na kuendelea nazo mpaka alipouawa. Waliokufa ni askari watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi. Tangu siku ile nikisikia ofisa anasifia magazini yake kubwa, macho yangu huenda kwenye mfuko wa bastola: una kufuli la kuizuia isichomolewe na mkono wa mtu mwingine, au ni kipande cha ngozi kilicholegea? Ikinyang'anywa, risasi zote 17 ni za aliyenyang'anya.

Raia aliyeificha silaha yuko upande mwingine kabisa. Kazi yake ni kutoka pale akiwa hai, pamoja na alionao. Hana mtu wa kumkamata wala zamu ya kumaliza. Anachohitaji kwanza ni silaha iwe mwilini siku ile moja katika miaka ishirini, na hapo adui yake mkubwa ni mwili wake mwenyewe. Glock 17 iliyojaa ina uzito wa gramu kama 900, na kimo chake chote ni karibu sentimita 14 kutoka juu hadi chini ya magazini. Mpini ndio unaomsaliti mtu. Mtutu unalala ndani ya suruali kimya, lakini mpini unachomoza chini ya shati kila unapoinama kuchukua chenji. Juni na Julai asubuhi za Babati zina baridi, koti linafunika mengi. Oktoba jua likiwaka juu ya Mlima Kwaraa, nani anavaa koti? Kaunda suti inasaidia kwa vile haichomekewi, na nadhani ndiyo sababu baadhi ya wazee wa zamani waliipenda, ingawa hawatakubali.

Kwa muda mrefu raia alichagua kati ya nyembamba ya risasi 6 na nene ya 10. Mwaka 2018 SIG Sauer walitoa P365, ambayo kopo lake si mstari mmoja wala miwili, ni kama mmoja na nusu: risasi zinapishana kidogo tu. Ikabeba 10 ndani ya mwili mwembamba, ikiwa na uzito wa nusu kilo hivi kabla ya kujazwa. Watengenezaji wengine wakafuata haraka. Tangu hapo sioni sababu ya raia kuumia na bastola ya ofisa, wala ya kujibana na sita.

Kuna watakaonikumbusha Nairobi, na wana haki. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi wanne wenye bunduki walipovamia jengo la maduka la Westgate na kuua watu 67, miongoni mwa walioingia mapema kuokoa ni raia wenye vibali. Abdul Haji aliingia na bastola yake kumtafuta ndugu yake, akabaki kuwakinga waliokuwa wakitolewa. Januari 2019, hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa, Inayat Kassam, mkufunzi wa silaha aliyekuwepo pia Westgate, aliingia tena. Siku zile raia walifanya kazi ya zamu kwa silaha ya kuficha. Risasi kumi dhidi ya bunduki ya AK ni chache, hilo nalikubali bila ubishi. Ila tazama walivyofanya: walikwenda kwa kikundi pamoja na polisi waliovaa kiraia, wakajificha nyuma ya nguzo na kuta, wakapiga kidogo ili wengine wapite. Na watu kama Kassam wana miaka ya mazoezi nyuma yao. Mzee wangu wa mnadani ana miaka ya kupima ng'ombe kwa macho, jambo ambalo mimi siliwezi, lakini si shabaha.

Sheria nayo inaegemea upande huo huo wa kupiga kidogo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeweka umiliki chini ya kibali na masharti, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamruhusu mtu kujilinda kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika. Mbele ya hakimu, maganda kumi na saba chini ya miguu yako yatahitaji maelezo marefu.

Nilimwambia mzee haya kwa kifupi, maana chai ilikuwa inapoa. Nikamshauri atafute nyembamba ya risasi nane hadi kumi, mfuko mgumu unaofunika triga, na pesa aliyotaka kuongeza kwa bastola kubwa ainunulie risasi za mazoezi. Nikaongeza kwamba fedha za ng'ombe zikipita benki au kwenye simu, majambazi watakosa sababu ya kumfuata. Hili la mwisho hakulipenda. "Mmang'ati hauzi ng'ombe kwa meseji," akasema, kisha akarudi kwenye ile ya 17.

Basi nikamwomba mhudumu paketi ya sukari ya kilo moja. Nikamwambia aichomeke kiunoni upande wa kulia, ndani ya mkanda, avute shati juu yake, aendelee na shughuli zake hadi adhuhuri. Inazidi bastola ile kwa uzito mdogo tu. Alicheka, akaichomeka, akaenda kuonana na dereva wa fuso lake. Mara mbili nilimwona akiipandisha kwa kiwiko. Alipopanda kwenye fuso alisimama kwanza, akageuka, akapanda kwa mguu mwingine. Saa tano kasoro alirudi, akaichomoa na kuiweka mezani. Kona moja ilikuwa imepasuka na sukari ilikuwa imemwingia kwenye suruali.

"Hii ya kumi," akasema akijikung'uta, "uzito wake ni kama nusu ya hii?"

"Ikiwa tupu, mzee. Ikijazwa inazidi kidogo."

Akamwita mhudumu, akamwonyesha ile kona iliyopasuka, na kumwambia amtilie vijiko viwili kwenye chai.