Moshi wa Mull, Pipa la Rioja

Ledaig iliyomaliziwa katika mapipa ya divai ya Rioja inatia shaka kabla hujaionja. Rangi yake ni nyekundu ya shaba, kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nimeinywa jioni tatu hapa Glasgow, ninakosomea shahada ya uzamili ya fasihi, na shaka ile bado ninayo.

Inatengenezwa katika kiwanda cha Tobermory, kisiwani Mull, magharibi mwa Uskoti, kilichoanzishwa mwaka 1798. Kiwanda hicho hutoa wiski mbili: moja isiyo na moshi, inayobeba jina la kiwanda, na Ledaig, yenye moshi. Moshi wenyewe hautoki kwenye pipa. Unatokana na udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa vipande kama matofali, ukakaushwa, kisha ukachomwa ili kukausha kimea cha shayiri. Nafaka inashiba moshi kabla haijawa pombe. Baada ya hapo sheria inataka wiski ya Uskoti ikae katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, wala haikatazi pipa kuwa liliwahi kubeba divai.

Mtu aliyekulia karibu na Eldoret hahitaji kufundishwa kwamba chombo ni sehemu ya kinywaji. Mursik ni maziwa yaliyogandia ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kijiti kinachowaka hadi kikaacha mkaa. Maziwa hayohayo ukiyagandisha kwenye jagi la plastiki, umepata maziwa lala tu. Nyanya yangu hunusa kibuyu kwanza. Habari za ng'ombe atauliza baadaye.

Kwa hiyo sina ugomvi na pipa lenye kumbukumbu. Ninachohoji ni nani anatangulia kusikika. Katika mursik, chombo ndicho kinacholeta moshi, na maziwa hayashindani nao. Katika Ledaig hii moshi ulishakuwamo miaka yote, na Rioja ikaja mwishoni. Ila ukionja, ni mgeni wa jioni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Mdomo unakutana kwanza na matunda mekundu yaliyopikwa na sukari, kisha pilipili manga, kisha chumvi kidogo. Moshi unafika wa nne, ukiwa umevalishwa vizuri.

Ni tamu, sikatai. Lakini nimeiweka kando ya Ledaig ya kawaida ya miaka 10, na nguvu zao ni sawa kabisa, asilimia 46.3, kwa hiyo hakuna anayeweza kusingizia ukali wa pombe. Ile ya miaka 10 ina tope, majivu na kitu kinachokaribia samaki wa kubanikwa, na haikuombi radhi. Ya Rioja nilipoidondoshea maji matone machache, divai ikarudi nyuma na samaki yuleyule akatokea. Alikuwamo muda wote! Basi kwa nini afichwe?

Wahakiki wa hapa hupenda kulinganisha moshi wa namna hii na bandeji za hospitali. Hospitali za utotoni mwangu zilinuka sabuni ya kipande na watu wengi, kwa hiyo bandeji zao hazinifikishi popote. Kibuyu kinanifikisha. Niliandika neno hilo kwenye daftari la kikundi chetu cha kuonja, na mwenzangu mmoja akauliza kama ni aina ya tunda. Nikamweleza, akanusa tena glasi yake, kisha akalinakili neno kwenye ukurasa wake, kwa herufi alizozikosea.

Pesa zangu ningezipeleka kwenye ile ya miaka 10. Hii ya Rioja ningempa mtu anayeogopa moshi, na jagi la maji ningeliweka karibu naye.